Msing'oe Vijiti vya Mfereji

Leeds, Uingereza
Jumamosi, mwezi wa pili

Baba na Mama wangu,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Nimezitoa mbili, kila mmoja na yake, kwa sababu najua Mama asiposikia yake atamkatiza Baba hapohapo na barua haitasomwa. Marahaba zenu nimeshazisikia huku nilipo. Baba, vaa miwani, kaa karibu na mlango penye mwanga, usome kwa sauti na usiruke mahali, hata pale utakapotaka kuruka. Mama akisema rudia, rudia.

Goti la Baba linasemaje siku hizi? Na kile kikohozi cha Mama? Nimesikia nyumba mpya ya kijijini imeshaezekwa, lakini Mama bado anapanda kule mahameni, tulikokuwa tukiishi zamani, kila wiki kuangalia magimbi yake, utafikiri yatatoroka. Mama, magimbi hayana miguu. Pumzika.

Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Baridi ya hapa nikiwaeleza mtasema nimejifunza uongo Ulaya. Theluji imeanguka wiki nzima, na mwenye nyumba wangu, bibi mmoja mjane mwenye paka wawili, ananikagua mlangoni kila asubuhi: soksi mbili, sweta mbili, skafu. Nimegundua unga wao fulani wa ngano, wa chengachenga, ambao wao wanaupikia uji wa maziwa. Ukiusonga kwa nguvu unapata ugali wa kudanganyia tumbo. Bibi aliuonja akaniuliza kwa upole kama nimesahau kuweka sukari. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kaka Yeremia ameniandikia kutoka Mikumi. Anasema greda lao la barabara za hifadhini limeharibika, wanachimba kwa sululu huku tembo wakiwatazama, ila hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mwenyekiti mpya wa kijiji anataka vijiti vya mfereji, vile vya Baba vya kupimia maji, ving'olewe vyote. Eti vinashika majani, vinapunguza mwendo wa maji, na maji hayajui kusoma, ya nini kuyawekea alama? Watalijadili mkutanoni kabla ya masika. Yeremia anasema Baba tangu ayasikie hayo hasemi kitu. Anakwenda mferejini alfajiri, anasafisha vijiti vyake, anarudi, anakunywa uji. Akamalizia hivi: "Damari, wewe uliyesomea mashine za hesabu, toa neno basi, mzee asife na donge."

Neno ninalo. Tena nimelipata kwa jasho, mwezi huuhuu, na vijiti hivyohivyo ndivyo vilivyoniokoa. Nisikilizeni.

Mnajua wizara ilinileta huku na masanduku mawili ya madaftari kutoka shamba la mbegu la Kilangali. Kila mbegu ilipandwa lini, ilipata mvua lini, ilivunwa kiasi gani, miaka na miaka. Kazi yangu ni kuifanya kompyuta isome yote, ichague mbegu zinazovumilia mvua zikikatika, na majibu yafike Kilangali kabla hawajagawa mbegu za masika. Yasipofika watagawa kwa kubahatisha kama mwaka jana, na mwaka jana mlikula nini mnajua wenyewe. Nilikuwa nikilala na jambo hilo na kuamka nalo.

Mashine si yangu. Ni ya chuo, inajaza ukumbi mzima, na tunaipata kwa zamu, kama sisi na maji. Zamu yangu ni Alhamisi asubuhi, kwa muda wa saa mbili, basi. Muda ukiisha unakatwa, hata kama umebakiza mstari mmoja. Na programu yangu ilikuwa haimalizi. Alhamisi baada ya Alhamisi, inakwenda, inakwenda, inakatwa. Nilipohesabu kalenda nikaona Alhamisi zilizobaki kabla ya siku ya kutuma majibu ni nne tu.

Mama, nisikuchoshe, ila hapa lazima nieleze kidogo. Programu si kitu kimoja. Ni kundi la vibarua. Msimamizi anamtuma huyu, huyu anamtuma yule, na yule naye anamtuma mwingine, kama Baba anavyomwambia Yeremia alete kamba, Yeremia ananiambia mimi, na mimi namtafuta mtoto wa jirani. Wengine niliwaandika mimi. Wengine aliwaandika Bwana Aleki, Mwingereza ninayefanya naye kazi, kijana mpole mwenye masikio mekundu. Tukishaandika tunatoboa kadi, Baba, matundu kama ya tiketi ya treni pale Kilosa iliyopita kwa mkaguzi mwenye hasira. Halafu kadi zinapita kwenye programu nyingine, inaitwa kompaila, na hiyo ndiyo inayotafsiri maneno yetu yawe lugha ya mashine.

Basi Alhamisi ya kwanza kati ya zile nne, mkuu wa chumba cha mashine, mama mmoja mkavu wa maneno tunayemwita Mama Wini, alikubali kuisimamisha mashine mara chache katikati ya kazi ili tuone nani anafanya nini. Kila tulipoisimamisha, aliyekutwa na jembe mkononi ni kibarua mmoja: mtafutaji. Kazi yake ni kupitia orodha, tangu mwanzo, mpaka apate anachotumwa. Na mtafutaji ni wa Aleki.

Weee! Mnanijua nilivyo. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, "Bwana Aleki, kibarua wako mvivu, na watu wa kwetu watalala njaa kwa ajili yake." Nilisema kwa Kiingereza cha shule ya misheni, kilichonyooka, kila neno likasikika. Masikio yake yakazidi kuwa mekundu. Alikwenda akamwandika upya mtafutaji wake, wiki nzima, chakula cha mchana anakula hapohapo mezani. Alhamisi ya pili ikafika, tukajaribu, na programu ikakatwa palepale ilipokuwa ikikatwa. Zikabaki mbili.

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji, nikilia, machozi yanaganda. Nikafikiria vijiti.

Mnakumbuka mwaka ule, kabla bendera haijabadilishwa, mimi niko darasa la tatu? Maji yalikuwa hayafiki mwisho wa mfereji. Watu wa mwisho mashamba yakakauka, na wote wakamnyooshea kidole Mzee Lameki, kwa kuwa shamba lake lilikuwa bichi na mdomo wake ulikuwa mchafu. Msimu mzima watu hawamsalimii. Ndipo Baba akachonga vijiti, akavitia alama kwa kisu, akavisimika katikati ya mfereji, kimoja kila panapotoka tawi. Kila asubuhi anapita na kusoma: hapa maji yamefika alama ya tano, hapa ya tano, hapa ya pili. Walimcheka. Walisema maji ni machache na yeye anayazibia njia kwa fito. Ni kweli vilishika majani, na ni kweli maji yalipungua mwendo kidogo. Lakini kwa siku tatu tu kila mtu alijua yanapotelea wapi.

Nikajiuliza, Damari, vijiti vyako viko wapi?

Kumbe vipo. Kompaila ikiwa inatafsiri unaweza kuiamuru iache alama: kila kibarua anayeanza kazi aandike kwanza, mahali panapojulikana, nani kamtuma. Ukiisimamisha mashine, humkuti tu mwenye jembe. Unarudi nyuma alama kwa alama, huyu katumwa na yule, yule katumwa na fulani, mpaka kwa msimamizi. Kwa kawaida watu wanaizima amri hiyo, kwa sababu ina gharama. Kuandika alama ni kazi, na vibarua wanatumana mara nyingi mno. Tena mashine ina vijisanduku vichache sana vilivyo karibu na mkono wake, vya kushikia hesabu inazofanya sasa hivi, na alama inakikalia kimoja muda wote.

Nikamwendea Mama Wini. Akaniangalia juu ya miwani.

"Programu yako inachelewa," akasema, "na dawa unayoniletea ni kuichelewesha zaidi?"

"Ndiyo, mama. Kwa Alhamisi moja."

"Umebakiwa na mbili. Hiyo moja hakika hutamaliza."

"Hata bila alama sijamaliza."

"Na alama hazifai kwa vibarua wako peke yao. Itabidi tuwatafsiri upya na wale tunaowatumia sote. Watu wengine nao watacheleweshwa siku hiyo, kwa ajili yako. Niwaambie nini?"

Nikamweleza habari ya mfereji. Yote, tangu Mzee Lameki mpaka fito. Alisikiliza kalamu ikiwa hewani. Nilipomaliza akauliza, "Na maji yalikuwa yanapotelea wapi?" Nikasema nitamwambia Alhamisi. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akatia sahihi.

Alhamisi hiyo nilikaa karibu na mashine tangu mwanzo. Kila dakika mwendesha mashine aliisimamisha, ikachapa alama zake kwenye karatasi, ikaendelea. Saa mbili zikaisha, tukakatwa kama tulivyojua. Nikachukua ile karatasi ndefu nikaitandaza sakafuni, nikapiga magoti juu yake na Aleki akapiga magoti upande wa pili. Tukaanza kusoma. Mwenye jembe, mtafutaji. Mwenye jembe, mtafutaji. Nikaanza kumwangalia Aleki kwa jicho lile. Yeye hakuniangalia, akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, alama ya aliyemtuma. Halafu mstari mwingine, na mwingine, chini mpaka mwisho wa karatasi. Aliyemtuma ni mmoja, karibu mara zote.

Ni mgeuza saa. Na mgeuza saa ni wangu mimi.

Jamani. Mnajua Waswahili husema nyani haoni nini. Sitaliandika neno hilo kwenye barua ya mzee wangu. Mgeuza saa ndiye niliyekuwa nikimringia kila mtu. Karani wa Kilangali ni mtu wa bondeni, Mwislamu, anaandika kama sisi sote tunavyosema: mvua, saa mbili asubuhi. Saa mbili yetu kwa Waingereza ni nane. Na akiandika usiku wa Ijumaa, ni ule unaoikaribisha Ijumaa, ambao huku wanauita usiku wa Alhamisi. Hakuna Mwingereza ambaye angelijua hilo. Mimi nililijua, nikajiona bingwa, nikaandika kibarua wa kugeuza saa na siku, nikampa orodha ya kila usiku wa miaka yote. Kosa langu ni hili: kila mstari wa daftari, hata wa asubuhi nyeupe, mgeuza saa alimtuma mtafutaji aanze orodha mwanzo na kuupekua usiku mmoja mmoja ili kuhakikisha kwamba asubuhi si usiku! Na mistari ya usiku kwenye madaftari yale ni ya kuhesabu vidole. Mtafutaji wa Aleki hakuwa mvivu. Alikuwa punda wangu.

Nilibaki pale sakafuni, nikaikunja ile karatasi. Kisha nikamkumbuka Baba alivyosimama mbele ya mkutano mwaka ule wa vijiti. Nikasimama na mimi. Nikawaambia wote waliokuwa ukumbini, wale wale walionisikia siku ile, kwamba mwenye kosa ni mimi na kwamba nilimtukana Aleki bure. Aleki akasema si kitu. Nikasema ni kitu. Akasema basi, ni kitu, lakini twende tukanywe chai, wiki ile hakunywa chai kwa raha hata siku moja. Nimemsikitikia sana.

Kurekebisha kulichukua mchana mmoja. Nikamwambia mgeuza saa, kwanza tazama mlangoni: ni mchana? Ongeza sita, pita. Ni usiku tu ndio umtume mtafutaji. Alhamisi ya mwisho, yaani juzi, programu ilianza, alama zikiwa bado zipo, nikafunga macho, na Aleki akanishika bega kuniambia imemaliza. Dakika arobaini na mbili! Nilipiga kigelegele ndani ya chuo cha Waingereza, Mama, kile chako cha harusi, na hakuna aliyenikemea. Majibu yameshaondoka kwa ndege. Mbegu za masika Kilangali zitagawiwa kwa kujua.

Baada ya hapo Mama Wini akaniita. "Sasa tuziondoe alama," akasema. "Tumejaribu bila alama, imechukua dakika arobaini." Dakika mbili, Baba. Hiyo ndiyo gharama ya vijiti, tumeipima. Nilikaa nikaifikiria kwa haki kabisa, maana dakika mbili za zamu ni kitu, na mwenyekiti wenu naye hasemi uongo, maji kweli hupungua mwendo. Lakini mimi nitaondoka hapa. Mwakani madaftari yatakuwa mengi zaidi, programu itazubaa tena, na atakayekaa kwenye kiti changu hatajua pa kuanzia. Atafanya nilivyofanya mimi, atamnyooshea kidole mwenye jembe. Nikamwambia tuziache. Akafikiri, akasema kwa programu hii sawa, na zile nyingine atazipima moja moja, maana kuna ambazo zinatumana mno na zitaumia zaidi. Nimeona ni haki.

Kwa hiyo neno langu kwa mkutano ni hili, na Baba alisome kama lilivyo: msing'oe vijiti. Vikizidi kushika majani, vichongeni vyembamba. Pale ambapo havina kazi tena, haya, punguzeni kimoja. Lakini msing'oe vyote kwa sababu maji yanatembea vizuri leo. Mwenyekiti kuna siku atavihitaji kuliko Baba.

Nilifikiri barua itaishia hapo. Lakini tangu siku ile ya sakafuni kuna jambo linanikaa kooni, na nikiendelea kulimeza nitakuwa mnafiki. Baba, usiache kusoma kwa sauti.

Vijiti vilionyesha maji yanapotelea nyuma ya jiko letu. Ukaenda na wazee, ukamkuta Mama amesimama kwenye mfereji mdogo unaokwenda kwenye magimbi, jembe mkononi. Ukasimama mkutanoni ukasema mwizi wa maji yuko nyumbani kwako. Watu wanakusifu kwa hilo mpaka leo, na Mzee Lameki alilia. Mama aliomba radhi mbele ya watu, akarudi, na kwa muda mrefu alikuwa anakuwekea chakula bila neno.

Mama alikuwa ametoboa tundu la vidole viwili tu, Baba, kama wanawake wote wa mferejini. Aliyelipanua kwa jembe ni mimi. Nilikuwa nimechoka kubeba ndoo, na nilipenda magimbi makubwa. Nilikuwa nalifungua kabla ya kwenda shule na kulifunika kwa majani nikirudi. Asubuhi ile Mama ndiyo kwanza alikuwa ameliona, na mlipomkuta na jembe hakuwa anachimba. Alikuwa anaziba. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko. Alinitazama mara moja, akatazama chini, akasema, "Ni mimi."

Vijiti vilikuonyesha mahali, Baba, na vilisema kweli. Nani alimtuma mwenye jembe, hilo halikuulizwa. Mama hajawahi kunikumbusha hata siku moja, hata nilipokuwa mkaidi. Nilimwonea mtu asiye na kosa huku Uingereza kwa wiki mbili nikakosa usingizi. Mama amebeba langu miaka yote hii akiwa anacheka na kunisukia nywele.

Sasa weka karatasi chini kidogo, Baba, umtazame.

Nisalimieni shangazi anayeuza vitunguu Kilosa, mwambieni nimeona kitunguu huku kikubwa kuliko chake na sijakisifu. Balozi wetu wa nyumba kumi, salamu, na asante kwa kunipigania nilipochaguliwa. Wajukuu wa marehemu Mzee Lameki nao wasomewe barua hii, hasa mwisho wake. Kaka Yeremia akishuka kutoka Mikumi mwambieni neno nimelitoa, tena limezidi nilivyokusudia.

Mama, nikirudi zamu ya kusafisha vijiti ni yangu, na ndoo nitabeba mimi.

Baba, mpe Mama pole yake. Ni ya zamani sana, lakini bado haijaharibika.

Ni mimi binti yenu, niliyeshika jembe kabla ya Mama,
Damari